Jino la Pembe Si Dawa ya Pengo

Wahenga wa pwani walipotaka kusema kwamba cha kuazima hakishiki mahali pa cha asili, walisema: jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii imetumika mno katika mambo ya ndoa, ya urithi na ya madaraka, hata watu wakasahau kwamba kwao hasa ni kinywani. Mzee mmoja wa Mji Mkongwe, mghani aliyejulikana katika harusi na katika mikesha ya mashairi, hakusahau. Yeye aliijua methali hiyo kwa ulimi wake.

Meno yake mawili ya mbele yalimtoka alipokuwa na umri wa miaka sitini na kitu. Akatengenezewa ya bandia, mazuri kutazama, meupe kuliko yale aliyojaaliwa na Mola. Lakini siku ya kwanza aliposimama kughani alitambua kwamba kuna jambo limeharibika. Sauti za tha na dhal, ambazo mtoto wa pwani hufunzwa chuoni kwa kuigusisha ncha ya ulimi kwenye makali ya meno ya juu, zilikataa kutoka. Thamani ikawa samani, fedha ikawa feza, dhiki ikawa ziki. Wasikilizaji wenye adabu walinyamaza. Kijana mmoja aliyekaa nyuma alicheka. Tangu usiku ule mzee hakughani tena mbele ya watu. Akakaa barazani kwake akiwafundisha wengine. Katika hao wengine aliyemtegemea zaidi ni mjukuu wake, mtoto mwenye sauti nyembamba iliyonyooka na pumzi ndefu, ambaye alikwisha kuhifadhi beti nyingi kabla hajajua kuzisoma.

Basi mwezi wa Januari 2021, kaskazi ikivuma, mtoto huyo, mwenye miaka tisa, alikwenda na wenziwe Forodhani kujitosa baharini. Ni mchezo wa kila jioni maji yanapojaa: watoto hukimbia, huruka kutoka ukutani, huzama, huibuka wakicheka. Siku hiyo maji yalikuwa yamekwisha kuanza kutoka. Mtoto aliruka karibu mno na ukuta, akagonga kinywa kwenye jiwe. Jino la mbele la juu, la upande wa kulia, likavunjika ncha na kulegea. Damu ilikoma, baada ya majuma mawili jino likakaza, na nyumbani wakashukuru. Mama yake ndiye aliyeona kwanza kwamba jino linabadilika rangi na kuwa kijivu. Mwezi wa tatu kikatokea kijipu kidogo kwenye ufizi, juu ya mzizi. Hakikumuuma, na hilo ndilo lililomtia mama wasiwasi zaidi.

Jino, kwa anayelitazama kwa nje, ni jiwe. Tabaka lake la juu, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwa binadamu, na likishaharibika mwili hauwezi kulijenga upya, kwa kuwa seli zilizolitengeneza hufa jino linapochomoza. Chini ya enameli kuna dentini, yenye vijitundu vyembamba makumi kwa maelfu katika kila milimita moja ya mraba. Na katikati kabisa kuna chumba kidogo chenye nyama laini, damu na neva. Mtu wa kawaida huiita nyama hiyo mshipa, kwa kuwa ndipo maumivu yanapotoka. Lakini si mshipa peke yake. Hapa itaitwa kiini, neno ambalo Kiswahili kimelipa yai na kimelipa habari.

Kiini hiki hupata damu yake kwa njia moja nyembamba, tundu lililo kwenye ncha ya mzizi, ambalo kwa mtu mzima kwa kawaida halifikii hata nusu milimita. Ndiyo maana maumivu ya jino hayana mfano. Kidole kikiingia uchafu huvimba. Kiini kikitaka kuvimba hakina pa kuvimbia, kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Shinikizo hupanda, damu hushindwa kupita, na kiini hufa ndani ya chumba chake. Kwa mtoto aliyeanguka mambo huweza kuwa ya kasi zaidi: pigo moja hukata mishipa ya damu pale kwenye ncha ya mzizi, na kiini hukauka kama mche uliokatwa mizizi.

Ama kwenye ukuta wa ndani wa chumba hicho zimepangana seli ambazo kazi yake ni kujenga dentini maisha yote ya jino. Hao ni waashi wasioondoka. Jino la mbele la juu huchomoza mtoto akiwa na miaka saba au minane, lakini mzizi wake huhitaji miaka kama mitatu zaidi kukamilika na kufunga mdomo. Kiini kikifa mtoto akiwa na miaka tisa, waashi wameondoka na nyumba haijaisha. Mzizi hubaki mfupi, mdomo wake wazi, kuta zake nyembamba. Jino la namna hiyo laweza kusimama miaka kadhaa, kisha likavunjika shingoni kwa kutafuna kitu kisicho na uzito wowote.

Dawa iliyozoeleka kwa kiini kilichokufa ni kukitoa chote, kuosha njia ya mzizi, na kuijaza. Kinachojaziwa, tangu karne ya 19 hadi leo, ni mchanganyiko wenye gutapacha, utomvu wa mti wa nchi za Wamalei ambao hulainika kwa joto na kukakamaa ukipoa. Watu wa Unguja wamekwisha kuishi na utomvu huo bila kujua. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulipofika kisiwani kutoka Aden, kisha ukaendelea Msumbiji hadi Durban, shaba iliyobeba maneno ilikuwa imevikwa gutapacha ili maji ya chumvi yasiiguse. Utomvu huo uliokinga habari baharini ndio unaokinga mizizi ya meno katika vinywa vya mamilioni ya watu. Kazi yake ni njema na meno mengi yameokoka kwayo. Lakini jino lililojazwa gutapacha halihisi baridi wala moto, halijengi dentini, na halina askari wa damu wa kulilinda. Ni jino la pembe, ila pembe yenyewe imewekwa ndani.

Mzee ndiye aliyempeleka mtoto kwa daktari wa meno, mwanamke kijana mwenye subira. Daktari alipiga picha, akaitazama kwa muda, akavuta kiti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nambie kweli, usinipambie.”

“Kiini kimekufa, na usaha umekusanyika kwenye ncha. Lakini tatizo kubwa ni kwamba mzizi haujafunga. Angalia hapa, uko wazi kama bomba. Hata nikitaka kuujaza, hakuna kitakachozuia dawa isimwagike upande wa pili.”

“Ling’olewe?”

“Tukiling’oa sasa, mfupa wa taya utanywea, na huyu bado anakua. Atabaki na pengo au na jino la kuvaa mpaka awe mtu mzima.”

Mzee alinyamaza. Aliyajua meno ya kuvaa.

Swali la kama kiini kilichokufa chaweza kurudishwa si la jana. Mwaka 1961 mtaalamu wa Norway, Birger Nygaard-Östby, alichapisha majaribio yake juu ya donge la damu. Alisafisha njia ya mzizi, akapitisha sindano nyembamba nje ya ncha mpaka damu ikaingia ndani, akaiacha igande. Alichokuta baadaye ni nyama iliyoingia na kujaza sehemu ya njia, yenye nyuzinyuzi na mishipa ya damu. Haikuwa kiini cha kweli, lakini haikuwa utupu. Mwaka 1965, mjini Bethesda nchini Marekani, Kakehashi na wenziwe wawili walitoboa meno ya panya wa aina mbili. Panya wa kawaida, wenye vijidudu vinywani, viini vyao vilioza na kufa. Panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja, japokuwa chakula kiliwajaa kwenye matundu, viini vyao vilijijengea daraja la dentini na kupona. Mafunzo mawili yakapatikana: kiini kina uwezo wa kujitengeneza, na adui wake hasa ni vijidudu. Yule mdudu wa jino ambaye watu walimwogopa tangu enzi za Babeli yuko kweli, ila ni mdogo kuliko walivyodhani.

Lililobaki ni kujua nani hasa anayejenga. Mwaka 2000, hapo hapo Bethesda, Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao walitangaza kwamba ndani ya viini vya magego ya mwisho ya watu wazima wamepata seli shina, yaani seli ambazo hazijachagua kazi, zinazoweza kujigawa na kugeuka kuwa waashi wa dentini. Kisha likatokea jambo ambalo kila mzazi atalielewa. Binti wa Shi, mwenye miaka sita, alimwomba baba yake amsaidie kung’oa jino la utoto lililolegea. Baba alipolitazama lile jino, akaona ndani yake bado kuna nyama nyekundu. Akalichukua hadi maabara. Jino jingine lilipotoka alilitia katika maji ya kukuzia seli, na mwaka 2003 yeye na wenziwe wakachapisha habari kwamba meno ya utoto yanayodondoka yana seli shina hai. Katika kila jino la mbele walizipata chache, kumi na mbili hadi ishirini hivi, lakini zilikuwa na nguvu ya kuongezeka kuliko zile za watu wazima.

Msomaji wa visiwani hawezi kulisikia hilo bila kukumbuka paa la nyumba. Jino la utoto likitoka hurushwa juu, na mtoto huomba apewe jipya. Hakuna aliyewahi kulitazama ndani kabla ya kulirusha.

Njia ya kuzitumia seli hizo kwa mwanadamu ilichukua miaka mingine. Si kazi ya kuchukua huku na kutia kule. Jino lenye kiini hai hutolewa, mara nyingi gego la mwisho lisilo na kazi au jino la utoto. Kiini chake hukatwakatwa, seli zikatengwa, zikalelewa kwa majuma katika vyumba safi visivyo na vumbi wala vijidudu, zikapimwa kuwa hazikuchafuka wala kubadilika tabia. Kisha zinahitaji kiunzi cha kushikilia, kama waashi wanavyohitaji jukwaa, au zikuzwe mpaka zijishikanishe zenyewe. Mwisho hutiwa ndani ya mzizi uliosafishwa, na juu yake jino huzibwa.

Mwaka 2017 Misako Nakashima na wenziwe wa Japani walitoa habari za wagonjwa watano, wenye umri wa miaka ishirini hadi hamsini na mitano. Kila mmoja alirudishiwa seli za kiini chake mwenyewe zilizotolewa katika jino lake jingine, pamoja na kolajeni ya kuzishikilia na dawa ya kuziita seli nyingine. Hakuna aliyepata madhara. Baada ya majuma manne, wanne kati ya watano walihisi kipimo cha umeme kilichowekwa juu ya jino ambalo halikuwa na kiini tena.

Habari iliyomgusa zaidi daktari wa mtoto ilitoka Xi’an, China, mwaka 2018. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Nne cha Tiba cha Jeshi, pamoja na Songtao Shi, waliwachukua watoto 40 ambao meno yao ya mbele ya kudumu yalikufa kwa ajali kabla mizizi haijafunga. Thelathini walipangiwa seli na kumi walipangiwa dawa ya zamani ya kufungisha ncha ya mzizi. Seli zilitoka katika kinywa cha mtoto mwenyewe, kwenye jino la chonge la utoto ambalo lilikuwa bado halijadondoka. Baada ya mwaka mmoja, waliopata seli mizizi yao ilirefuka, kuta zikanenepa, midomo ya mizizi ikasinyaa, damu ikapita, na hisia zikarudi. Mmoja wao aliumia tena jino lile lile; lilipotolewa na kupasuliwa, ndani yake kulikutwa kiini kamili: mishipa ya damu, neva, na wale waashi wamejipanga ukutani.

Daktari alimweleza mzee haya yote bila haraka.

“Na huyu wetu anayo hayo meno ya chonge ya utoto?”

“Anayo yote mawili ya juu.”

“Basi dawa anayo kinywani.”

“Anayo, mzee. Asichokuwa nacho ni maabara.”

Mtoto alikuwa na jeraha na dawa yake mahali pamoja, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na bahari. Matibabu ya Xi’an yalikuwa majaribio ya watu wachache chini ya uangalizi mkubwa; si kitu kinachonunuliwa kwa tiketi ya ndege. Na hata wenye maabara bado wana maswali. Mzizi wa mtoto uko wazi, damu huingia kwa urahisi. Mzizi wa mzee umefunga, na seli zikitiwa ndani bila damu ya kuzilisha hufa kwa njaa. Njia iliyobaki na vijidudu haiwezi kupokea mgeni. Na seli yenye uwezo wa kugeuka yaweza kugeuka isivyotakiwa, ikajenga mfupa mahali pa kiini. Pamoja na hayo, yako makampuni ulimwenguni yanayowauzia wazazi nafasi ya kugandisha meno ya watoto wao kwa malipo ya kila mwaka, yakiahidi tiba za maradhi ambayo hakuna aliyekwisha kuyatibu kwa jino. Hapo elimu imegeuzwa hirizi.

Daktari alikuwa na njia ya tatu, ile iliyoanzia Oslo. Tangu mwaka 2001 Japani na mwaka 2004 Marekani, madaktari walionyesha kwamba kwa mtoto mwenye mzizi wazi yawezekana kuua vijidudu kwa dawa, kisha kuichokoza nyama iliyo nje ya ncha mpaka damu ipande ndani ya mzizi. Damu ikiganda huwa kiunzi, na seli shina zilizo jirani na ncha hiyo huingia nayo. Haihitaji maabara wala ndege. Kinachoota aghalabu si kiini chenyewe. Mara nyingi ni nyama iliyofanana na ile inayofunika mizizi, au kama mfupa. Lakini mzizi huweza kupata unene.

“Hiyo damu ni ya nani?” mzee aliuliza.

“Ni yake mwenyewe.”

“Basi hilo si jino la pembe. Fanya, mwanangu.”

Siku ya kwanza njia ya mzizi ilioshwa na kutiwa dawa. Baada ya majuma manne, kijipu kikiwa kimekauka, mtoto alirudi. Safari hii ilikuwa lazima atoke damu, na mtoto, ambaye aliambiwa tangu siku ya Forodhani kwamba damu ni jambo baya, hakuelewa kwa nini sasa watu wazima wanaisubiri. Mzee alimshika mkono na kumtaka ahesabu mizani ya utenzi kichwani. Damu ilipanda. Daktari aliingoja igande, akaifunika kwa saruji ya meno, akaziba.

Picha ya mwaka uliofuata ilionyesha kwamba mfupa uliokuwa umeliwa na usaha umerudi, mdomo wa mzizi umesinyaa, na kuta zimenenepa kiasi. Daktari aliweka pamba yenye baridi juu ya jino la jirani, mtoto akaruka. Akaiweka juu ya jino lililotibiwa. Mtoto akamtazama tu, akingoja. Hakuhisi kitu. Rangi yake nayo ilibaki na ukijivu. Daktari hakuficha: jino limesimama na limepata nguvu, lakini kilichomo ndani yake hakijui baridi. Watoto wa Xi’an walipata zaidi ya hapo.

Jioni ile barazani mzee alimtaka mtoto aseme thamani. Alisema thamani. Akamtaka aseme fedha, dhahabu, thuluthi. Zote zilitoka mahali pake. Kisha akamwachia aanze kughani, naye mwenyewe akafuata kwa sauti ya chini, akiziruka zile herufi mbili.

Mwaka 2023, mtoto alipotimiza miaka kumi na mmoja, jino la chonge la utoto la upande wa kulia lililegea na kumtoka akila muhogo. Alilileta kiganjani. Baba yake, aliyekuwa amesoma habari za kugandisha meno, alisema labda lingehifadhiwa mahali. Mama aliuliza mahali gani. Mtoto aliligeuza jino, akalitazama kwa chini ambako mzizi umekwisha kuyeyuka, akamwonyesha babu yake kile kijinyama chekundu kilichobaki ndani.

“Ndicho hicho, babu?”

“Ndicho.”

“Nikiweke?”

Mzee alilishika lile jino karibu na taa, akalitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ndogo.

“Chombo cha kukiweka hatuna,” alisema. “Pengine atakayezaliwa na wewe atakuwa nacho. Lirushe.”

Mtoto alitoka uani, akarusha. Walisikia jino likigonga bati, likabingirika kidogo, likakaa.